Kipoza oili cha giaboksi kwenye Prado inayovuta boti: uzoefu wangu

Gari langu ni Prado 120 ya petroli, injini V6 ya lita 4.0, giaboksi otomatiki ya gia tano. Nalitumia kuvuta boti ya faiba kutoka Dar es Salaam hadi Matema, Ziwa Nyasa. Boti, injini yake na tela vinakaribia kilo 1,600. Mzigo huo gari linaumudu vizuri. Kinachoteseka ni oili ya giaboksi.

Mtihani wenyewe ni Kitonga, mlima mkali wa barabara kuu kule Iringa. Unapanda nyuma ya malori yaliyojaa, kona baada ya kona, mwendo wa kutambaa. Gari likienda polepole na mzigo mzito, konveta (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa kutumia oili) inateleza: injini inazunguka kasi kuliko giaboksi, na nguvu inayopotea hapo inaishia kuwa joto ndani ya oili. Upepo wa kuipoza nao haupo. Geji ya dashibodi haitakusaidia, kwa sababu inapima maji ya rejeta. Mshale unaweza kutulia katikati huku oili ya giaboksi inaungua.

Kwa hiyo nilianza na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD (ile ya kusomea kompyuta ya gari) chini ya usukani, kinachotuma joto la oili kwenye simu. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua hiki. Barabara tambarare ya Chalinze nilikuwa nasoma nyuzi 90 na kidogo. Kitonga ilikuwa inavuka 120, na oili ikikaa kwenye joto hilo inazeeka haraka sana: wekundu unageuka kahawia, harufu inakuwa ya kuungua, kisha klachi za ndani zinaanza kuliwa.

Kipoza nilichofunga ni cha vibamba vilivyopangana, kimekaa mbele ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kupoza gesi ya AC. Oili inapita kwanza kwenye kipoza cha ndani ya rejeta, halafu kwenye hiki kipya, ndipo inarudi kwenye giaboksi. Rejeta inaondoa joto kubwa, kipoza kipya kinamalizia. Sasa Kitonga ileile, na boti ileile, nasoma kama 105. Nimeridhika nacho kabisa.

Kilichonikera ni vifungio. Kinakuja na vishikizo vya plastiki vya kupenyeza katikati ya mapezi ya kondensa, na kwa mitikisiko ya barabara zetu vitasaga mapezi hayo mpaka gesi ya AC itoke. Mwambie fundi atengeneze vishikizo vya chuma. Mipira pia iwe ya oili ya giaboksi, siyo ya maji. Na angalia sana ujazo: Prado hii haina kijiti cha kupimia oili. Inapimwa kwa nati ya chini, injini ikiwa inaunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na Toyota. Fundi anayekadiria kwa macho asiguse giaboksi yako. Oili ni Toyota WS, basi.

Hata hivyo kipoza hakiendeshi gari. Kwenye vilima virefu vya kawaida naweka gia kwenye 4, ili giaboksi isirukeruke kati ya 4 na 5 na konveta ipate nafasi ya kujifunga, yaani injini na giaboksi zizunguke pamoja bila kuteleza. Ikishajifunga, namba kwenye simu zinashuka unaziona. Kitonga mwendo ni mdogo mno kwa hilo, nashuka hadi 2 na kuacha injini izunguke. Matema, kutoa boti majini kwenye mchanga, naweka 4L, yaani gia nzito ya magurudumu yote manne. Konveta haihangaiki tena, na joto halipandi hata kidogo.

Kwa anayevuta kiboti chepesi cha alumini kutoka Kigamboni hadi Bagamoyo, sioni sababu ya kununua kipoza. Kwa hela hiyo amwage oili ya zamani, aweke mpya.