Kubandua stika sugu kwenye tela: ununue nini kwanza

Lori linapanda Lubumbashi na kemikali za migodini, linashuka Dar es Salaam na shaba. Ile alama ya hatari yenye umbo la almasi, sentimita 25 kwa 25, ilikuwa sahihi wakati wa kupanda. Ikibaki ubavuni wakati wa kushuka, siku lori likipinduka zimamoto watajipanga kukabili sumu ambayo haipo. Kwa hiyo ibanduliwe. Tenki la mafuta ni jambo jingine: likishamwaga mzigo bila kusafishwa bado lina mvuke unaowaka, na alama yake haitolewi.

Tabu ya stika hizi ni jua. Zikikaa miaka, plastiki inakakamaa na kukatika vipande vidogo kila ukivuta, huku gundi ikizidi kushika rangi. Dawa nyingi za kutoa gundi haziwezi kupenya ile plastiki ya juu. Ndiyo sababu mimi ninapanga vifaa kwa kuanza na joto, kemikali zinafuata baadaye.

Namba moja ni mashine ya kupuliza hewa moto, ikiambatana na skrepa ya plastiki. Chagua yenye swichi ya kurekebisha joto, kwa sababu nyingi zinafika nyuzi 500 na zaidi, na wewe unataka bati lifike 50 au 60 tu, kiasi cha mkono kugusa na kuondoka haraka. Pasha kona moja, inua kwa skrepa, kisha vuta taratibu ukiikunja stika ijirudie yenyewe, huku hewa moto ikitangulia mbele ya mkono wako. Ukivuta kwa pupa itakatika. Kama una tela moja tu, draya ya saluni inatosha, na kazi ikifanywa saa nane mchana upande uliopigwa jua, nusu ya joto umeshaipata bure. Skrepa ya chuma iache dukani: inachora alumini, na kwenye bati la chuma kila mchoro ni mlango wa kutu.

Hapa nasisitiza: hewa moto haikaribii tenki la mafuta ambalo halijasafishwa na kupimwa gesi. Drili ya umeme pia hapana, inatoa cheche. Utingo anayetumwa "kabandue hiyo stika" ana haki ya kuambiwa hivyo kabla hajapewa kifaa.

Namba mbili, gurudumu la mpira linalofungwa kwenye drili. Kwa karakana yenye magari mengi ningelipandisha liwe la kwanza, maana linakula plastiki na gundi kwa pamoja, hata stika iliyokwisha kuwa maganda. Soma kikomo cha mwendo kilichoandikwa ubavuni. Mengi yanaishia mizunguko 4,000 kwa dakika. Drili iko chini ya hapo. Grainda ndogo inakimbia 10,000 na zaidi, na mpira unaweza kupasuka usoni kwa fundi. Vaa miwani, usikandamize sehemu moja, vinginevyo rangi itaungua.

Namba tatu ni tapentaini ya dukani kwa mafundi rangi, kwa ajili ya gundi iliyobaki tu. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya gundi dakika chache, kisha futa na uoshe kwa sabuni. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana, hasa kama tela limepakwa rangi upya mtaani. Dawa za maganda ya machungwa ni nzuri na harufu yake haiumizi kichwa, ila huzioni kila duka. Mafuta ya taa yanafanya kazi polepole na yanaacha utelezi. Stika mpya haitashika mpaka uoshe vizuri.

Tina, ile ya kuyeyushia rangi, iwe ya mwisho kabisa. Inatoa gundi, lakini inaondoka na rangi, na kwenye tela la turubai inayeyusha plastiki ya turubai lenyewe. Petroli usitumie. Msasa wa grainda nao nauweka nje ya orodha, kwa kuwa gharama ya kupiga rangi upya itazidi bei ya vifaa vyote hapo juu.

Kama mizigo yako inabadilika kila safari, pesa yenye faida zaidi ni ya fremu za chuma za kuingiza vibao: unachomoa kimoja, unaingiza kingine, gundi hakuna. Zifungwe kwa ribiti kwenye bodi au kwenye kibao kilichoshikizwa kwenye fremu ya tela. Ganda la tenki lisitobolewe.