Daktari wa familia niliyehamia kwake, nyota 4 kati ya 5

Nimesubiri mwaka mzima ndo naandika, sikutaka kumsifia mtu kwa siku moja. Mimi ni mwanaume trans, yaani nilipozaliwa niliandikwa msichana ila ni mwanaume, na nachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Daktari wangu wa zamani ukienda na kikohozi anauliza homoni, ukienda na goti anauliza homoni, siku moja nimeenda sikio linauma hadi silali akaniambia niache sindano kwanza tuone halafu nikaonane na daktari wa akili. Sikio jamani! Na WHO wenyewe, Shirika la Afya Duniani, kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, walishatutoa kwenye magonjwa ya akili. Basi nikakaa miezi 8 sikanyagi kwake, dawa nachoma vipimo nakwepa, na najua wengi wetu ndo tunavyoishi, mtu anaumwa anavumilia tu kuliko kwenda kujieleza upya.

Huyu wa sasa siku ya kwanza kaniuliza nikuite nani, akaandika, akauliza nini kinakusumbua, akashughulika na hicho hicho. Homoni tuliongea baadae. Akanielewesha testosteroni inaongeza chembe nyekundu, damu inaweza kuwa nzito, ndo maana mwaka wa kwanza inatakiwa kupimwa kila miezi 3 hivi, na mimi yote nilikuwa nimeikwepa. Hakunigombeza, tukapima siku ile ile. Kuna swali nilimuuliza akasema wazi hili sijui, akampigia daktari wa homoni nikiwa nimekaa pale, nikamwamini kuanzia hapo.

Kilichonitoa machozi ni kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi. Kizazi bado ninacho kwa hiyo kipimo kinanihusu, ila nilikuwa nakiogopa kuliko kitu chochote. Akaniambia njoo na mtu wako, ukisema basi naacha hapo hapo. Nimefanya. Na kwa vile kompyuta ikishakuandika mwanaume haikukumbushi tena hicho kipimo, tarehe ya kurudi ameiweka mwenyewe kwa mkono.

Nyota moja nimeitoa kwa ajili ya mapokezi. Mara mbili nimeitwa jina la zamani kwa sauti, watu wamejaa, mimi na ndevu zangu nasimama wote wananigeukia. Mara ya pili nilishafika mlangoni naondoka, daktari akatoka akaniita kwa jina langu. Jina kwenye sistimu bado halijabadilishwa hadi leo, naomba walibadilishe.