Triangle of Sadness, muvi ya matajiri ambayo wahudumu tutaielewa zaidi

Kama una bando la kutosha wikiendi hii tafuta Triangle of Sadness ya mwaka 2022, kaitengeneza Mswidi anaitwa Ruben Östlund na ilibeba Palme d'Or, tuzo kubwa kabisa ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa. Naipa nyota 4 kwa 5.

Ni stori ya matajiri wanaosafiri kwenye meli ya kifahari. Wengi wakiisimulia wanakwambia ile dina ya kapteni, bahari imechafuka matajiri wanatapikiana. Sawa, nimecheka sana, ila mimi nilishikwa kabla hata ya hapo. Kuna mama wa Kirusi kakaa kwenye maji na shampeni yake, ghafla anaamuru wafanyakazi wote wa meli waache kazi wakaogelee, eti wote ni sawa. Jikoni wanasema chakula kitaharibika lakini nani awasikilize, si wameshaambiwa mgeni akitaka kitu jibu ni ndiyo tu, mwisho wa safari kuna tipu nono. Aisee mimi nimekuwa weita kwenye hoteli moja ya ufukweni hapa Dar na huo wema naujua, mgeni anakung'ang'aniza ukae mezani kwake mpige stori, unakaa unachekacheka huku meneja anakutolea macho na meza zako zingine zinasubiri, na lawama zote zinakuja kwako. Sijaona muvi nyingine iliyolishika hilo jambo hivi.

Halafu angalia hela zao zimetoka wapi. Mmoja kauza mbolea. Kuna babu na bibi Waingereza, wapole, wana adabu zao, kumbe kiwanda chao kinatengeneza mabomu ya kurusha kwa mkono na wanasikitika mabomu ya ardhini yalivyopigwa marufuku faida ikashuka! Wanaongea kama watu waliopata hasara ya nyanya, na mimi hapo nilikasirika kabisa.

Meli ikishazama wachache wanatupwa kisiwani, na anayejua kukamata pweza, kuwasha moto na kupika ni Abigail peke yake, msafisha vyoo wa meli, kaigiza Mfilipino Dolly de Leon na kaua mbaya. Sisi watu wa pwani tunajua pweza si kitu cha kuokota tu. Anagawa vipande huku anawauliza kapteni ni nani, hupati kipande mpaka umtaje yeye. Na nilichokipenda hawajamfanya malaika, akishapata madaraka naye anaanza kujipendelea, mpaka kijana wa watu analipia chakula kwa kulala naye. Mwisho siusemi.

Nyota moja nimeitoa kwa urefu, dakika 147, ugomvi wa mwanzo wa bili ya mgahawa unavutwa sana, na kuna sehemu kapteni na mlevi mwenzake wanabishana ukomunisti kwenye spika hadi unachoka. Usiweke watoto wakiwepo.

Ombi langu kwa ma-DJ mnaotafsiri muvi kwa Kiswahili, pumzisheni kidogo za ngumi mtufanyie hii, dada zetu wa usafi mahotelini waipate yote bila kuhangaika na Kiingereza.