Wagyu kwa bei hii: ipi ununue, ipi uiache buchani

Jibu kwanza, maana anayesoma mwongozo wa bei hana muda wa kuzungushwa. Ndiyo, nyama ya ng'ombe wa Kijapani inaweza kustahili bei yake, ila si ile steki nene ya mbavu yenye alama ya A5, daraja la juu la Kijapani, ambayo karibu kila mtu huikimbilia mara ya kwanza. Thamani iko kwenye nyama ya bega iliyokatwa nyembamba, na iko kwa mlaji anayekubali kuridhika na gramu 100. Kama unataka nyama ya kuchoma, ya kutafuna taratibu na ugali na kachumbari, baki na ng'ombe wa buchani kwako. Wagyu ikiwekwa juu ya makaa hudondosha mafuta mpaka moto unaruka, na mwisho wake ni kula masizi kwa bei ya dhahabu.

Unalipia nini hasa? Japani ina aina nne za ng'ombe wanaoruhusiwa kuitwa wagyu, lakini mweusi, Kuroge, ni zaidi ya asilimia 90 ya wote. Zamani alikuwa mnyama wa kulima mashamba ya mpunga na kubeba mizigo. Sifa yake ni kujaza mafuta ndani ya mnofu wenyewe, michirizi myeupe myembamba kama uzi, badala ya kuyarundika pembeni. Mafuta hayo yana asidi ya oleiki kwa wingi, ile ile iliyomo kwenye mafuta ya zeituni, na huyeyuka kwa joto dogo. Shika kipande mkononi kwa muda mfupi, utaona vidole vinaanza kung'aa kabla hata jiko halijawashwa.

Kisha kuna muda. Ndama huuzwa mnadani akiwa na miezi tisa au kumi, na anayemnunua humnonesha kwa nafaka na majani makavu mpaka afikishe karibu miezi 28 hadi 30. Ng'ombe wa nyama wa Marekani mara nyingi huchinjwa mwaka mzima kabla ya hapo. Mwaka huo wa ziada, na chakula chake ambacho kwa sehemu kubwa huagizwa nje, ndio unaokaa kwenye risiti yako. Habari za kumnywesha bia, kumkanda mgongo na kumpigia muziki ni mapambo ya wauzaji. Wafugaji walio wengi hawana habari nazo. Ukiona muuzaji anaanza na bia, jua bei imeshapandishwa.

Sasa alama. Aliyewahi kuagiza gari Japani anaijua karatasi ya mnada: alama ya 4.5 haisemi kama gari litaiweza barabara ya kwenu, inasema tu mkaguzi aliona nini siku ile. A5 ni vivyo hivyo. Herufi A, B au C inapima kiasi cha nyama inayopatikana kwenye mzoga, jambo linalomhusu mwenye bucha na halihusiani na ulimi wako hata kidogo. Namba, 1 hadi 5, inatokana na mambo manne: michirizi ya mafuta, rangi ya nyama, ugumu na ulaini wake, na rangi ya mafuta. Alama ya chini kabisa kati ya hizo nne ndiyo inayobaki. Mkaguzi hukata mzoga kati ya ubavu wa sita na wa saba, akatazama. Haonji.

Ndani ya A5 nako kuna ngazi. Michirizi ya mafuta ina kipimo chake, BMS, kuanzia 1 hadi 12, na daraja la 5 linaanzia 8. Kwa hiyo A5 ya 8 na A5 ya 12 ni nyama mbili tofauti zinazovaa jina moja. Lingine ambalo wauzaji wa nje hawalisemi kwa sauti: baada ya miongo ya kuchagua mbegu za mafahali wenye mafuta mengi, siku hizi zaidi ya nusu ya maksai weusi wanaokaguliwa Japani hupata A5. Kwa hiyo alama hiyo ni ya ubora, lakini si ya uhaba. Usilipie uhaba usiokuwepo. Uliza BMS, na asiyeweza kukujibu mwache na nyama yake.

Uliza pia namba. Baada ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu kugunduliwa Japani mwaka 2001, sheria ya 2003 iliamuru kila ng'ombe awe na namba ya tarakimu kumi sikioni, na namba hiyo hufuata nyama mpaka kwenye kifungashio. Iandike kwenye tovuti ya kituo cha taifa cha ufugaji cha Japani, utaona jinsia, tarehe ya kuzaliwa, mkoa aliozaliwa na aliokulia, na siku aliyochinjwa. Hata muuzaji wa Dubai au London anayeuza mzigo halali wa Kijapani anapaswa kuwa nayo. Hakuna ulinzi mwingine wa mnunuzi ulio rahisi hivi.

Huu ndio mpangilio wangu, kuanzia inayostahili pesa zaidi.

1. Bega la ng'ombe mweusi, A4 au A5, lililokatwa nyembamba, kutoka mkoa usio na jina kubwa

Kagoshima na Miyazaki, kusini kabisa kwenye kisiwa cha Kyushu, ndiko ningepeleka pesa yangu. Kagoshima inaongoza kwa idadi ya ng'ombe weusi, na kwenye mashindano ya taifa ya wagyu yanayofanyika kila baada ya miaka mitano, ilimaliza kinara mwaka 2022. Bado bei yake iko chini ya Kobe au Matsusaka, majina makubwa ya wagyu, kwa sababu tu watalii hawajaikariri.

Bega lina kazi, na mnofu wenye kazi una ladha. Ukiongeza mafuta ya wagyu juu ya ladha hiyo unapata kile ambacho sarara haiwezi kukupa. Vipande viwe vyembamba, milimita mbili au tatu, kwa mapishi ya Kijapani ya chunguni, sukiyaki (yenye soya na sukari) au shabu-shabu (ya kuchovya kwenye maji ya moto). Nyumbani huhitaji chungu cha Kijapani. Weka kikaango cha chuma, sugulia kipande cha mafuta ya nyama yenyewe, tandaza vipande viwili vitatu, sukari kidogo, mchuzi wa soya kidogo. Rangi nyekundu ikigeuka tu, toa. Ni suala la sekunde. Ukijibu simu umeshaiharibu. Kula na wali mweupe mtupu. Gramu 400 hulisha watu wanne na hakuna atakayesema ameonewa.

Ukiwa Japani kwenyewe, tafuta pakiti za vipande vya pembeni vinavyobaki bucha linapopunguza nyama kubwa, vinaitwa kiriotoshi. Ng'ombe ni yule yule, umbo tu ndilo baya, na mara nyingi bei haifiki yeni 1,000 kwa gramu 100. Ila soma kibandiko. 和牛 ndiyo wagyu. 国産牛 ni ng'ombe yeyote aliyefugwa Japani, akiwemo dume la ng'ombe wa maziwa. Rafu ni moja, bei zinakaribiana, na mgeni huchukua ya pili akidhani kapata ya kwanza.

2. Ng'ombe mwekundu wa Kumamoto au Kochi

Huyu ndiye angempendeza mtu aliyekulia kwenye nyama choma. Mafuta yake si mengi, mnofu unatafunika, na damu ya nyama inasikika mdomoni. Kwa kuwa mfumo wa alama unatukuza mafuta, mara nyingi huambulia daraja la 2 au 3, na bei yake hushuka kwa kosa ambalo si lake. Shida ni moja: nje ya Japani ni nadra kumkuta. Ukimkuta, nunua steki ya sentimita tatu, chumvi, moto mkali, basi.

3. Wagyu wa Australia

Australia ina kundi kubwa kuliko nchi yoyote nje ya Japani, na hutumia kipimo chake cha michirizi kinachoishia 9, na 9+ kwa kilichozidi. Wengi ni machotara, na hilo si tusi. Steki yenye alama 4 au 5 unaweza kuila yote, gramu 200 au 250, bila kuomba maji ya moto ya kukata mafuta kooni. Kwa walioko Muscat, Dubai au Doha hii ndiyo iliyojaa madukani, na uchinjaji wa halali Australia ni jambo la siku nyingi. Anayetaka zawadi ya sherehe kwa familia yenye watu wa kula kweli, aanzie hapa.

4. Sarara au mbavu za A5

Ndiyo, ya nne. Marekani wauzaji wa mtandaoni huiuza mara nyingi kuanzia dola 100 kwa ratili, na kuna sababu moja tu ya kuinunua: watu wanne wanagawana steki moja ya gramu 300. Vipande vitatu vya mwanzo ni ajabu, kama siagi iliyokumbuka kuwa ilikuwa nyama. Cha nne unaanza kutazama dirishani. Cha sita unakila kwa sababu umelipia.

5. Kobe

Masharti yake ni makali kweli: ukoo wa Tajima, azaliwe, afugwe na achinjwe mkoa wa Hyogo, awe maksai au mtamba ambaye hajawahi kuzaa, BMS isipungue 6. Angalia hiyo 6. Maana yake Kobe halisi inaweza kuwa daraja la 4, huku Kagoshima ya BMS 11 ikiuzwa kwa bei ya chini jirani yake. Nje ya Japani ilianza kuuzwa mwaka 2012 tu, kwa hiyo kila "nyama ya Kobe" iliyokuwa kwenye menyu za Ulaya na Marekani kabla ya hapo ilikuwa ng'ombe mwingine. Wafanyabiashara wetu wa magari wanaopita bandari ya Kobe wana bahati: waingie mkahawa unaokaanga nyama juu ya bamba la chuma wakati wa chakula cha mchana, bei ni nafuu kuliko usiku na mpishi ni yule yule. Kuiagiza mpaka nyumbani Nairobi au Minneapolis sioni sababu.

6. Baga na nyama ya kusaga ya "wagyu"

Iache. Umelipia michirizi ya mafuta, kisha mashine imeisaga. Kilichobaki ni nyama yenye mafuta mengi, ambayo bucha lolote litakuchanganyia. Huku ndiko jina hutumika ovyo kuliko kote, kwa kuwa nchini Marekani wengi wa ng'ombe hawa ni machotara wa Angus, ng'ombe wa nyama wa kawaida.

Kabla ya kupika: iyeyushe barafu ndani ya friji usiku kucha, usiiweke kwenye maji. Usiioshe. Usiipake papai wala kuiloweka kwenye tangawizi na ndimu, hakuna cha kulainisha pale. Mwislamu aliyeko Japani aulize cheti cha machinjio, si maneno ya mhudumu, na aulize mchuzi pia, kwa sababu sukiyaki ya mkahawani karibu kila mara hutiwa sake au mirin, na zote zina kileo. Chumvi inatosha. Mafuta yanayobaki kwenye kikaango usiyamwage: weka kitunguu saumu, kisha wali wa jana, na matone ya soya pembeni ya chuma mpaka yaungue kidogo.