Mbegu za boga la spageti: nyota tatu, na mwezi wa pili ningetoa moja

Hizi mbegu nilinunua mtandaoni, paketi ya mbegu kumi, jina la muuzaji naliacha maana sitaki kesi. Paketi ina picha ya kamche kadogo kamejikunyata kwenye kona ya bustani na maboga manne ya njano yamepangwa pembeni kama yanapigwa picha ya harusi, na chini wameandika "hautambai", halafu "siku 70". Hayo mawili yashikeni, nitayarudia.

Kwa ambae hajawahi kuliona, ni boga kweli, tena spishi moja na zukini (kile kiboga kirefu cha kijani kinacholiwa kikiwa kichanga), Cucurbita pepo, ila ukiliivisha ukalikwangua kwa uma nyama yake inaachia nyuzi nyuzi kama tambi. Utamu wa boga la kawaida usiutafute humu. Ladha yake imepoa, na kama unategemea tambi za ngano utasikitika, lakini ukilimwagia mchuzi mzito linakubali.

Nilipanda sita, kina cha sentimita mbili na nusu hivi, kwenye vituta nilivyojaza mboji ya kutosha. Siku ya 8 zikatoka nne, siku ya 11 ikatoka ya tano, ya sita nikaifukua nikakuta imeoza na hiyo kosa ni langu, nilikuwa namwagia maji kama nalima mpunga. Tano kati ya sita mi nasema ni nzuri sana. Wale wanaolalamika kwamba mbegu zote zilikufa ningependa kujua walipanda udongo ukiwa na baridi kiasi gani, maana boga linataka udongo uliopata joto, nyuzi 20 na kuendelea ndo linaamka haraka, pakiwa na baridi mbegu inalala tu mpaka inaozea hukohuko.

Sasa maua. Hapa ndo nilikaribia kuandika matusi. Mche ukachanua vizuri, maua makubwa ya njano kila asubuhi, na kila jioni yanasinyaa yanadondoka, wiki nzima, wiki mbili, hakuna boga hata moja, nikaanza kuamini nimeuziwa mbegu tasa. Kumbe yote yalikuwa maua dume! Boga ndo lilivyo, linatanguliza madume kwanza, majike yanakuja baadae, na kuyatofautisha ni rahisi ukishaonyeshwa: dume limesimama kwenye kikonyo chembamba kirefu, jike lina kiboga kidogo kabisa nyuma yake hata kabla halijafunguka. Yalipokuja majike viboga viwili vya kwanza vikawa njano vikaoza kuanzia nchani, nikajua nyuki hawafiki vya kutosha, basi nikawa naamka asubuhi na mapema nachuma ua dume, nabandua yale majani ya njano, nabaki na kale kakijiti kenye vumbi na kupaka katikati ya ua jike. Lazima iwe asubuhi, mchana ua limeshafunga. Dakika mbili kazi imeisha na kuanzia hapo karibu kila jike likashika. Kwa hiyo kama umetoa nyota moja kwa sababu "maua yanadondoka", rudi bustanini ukaangalie kikonyo.

Ila sasa ngoja nimgeukie muuzaji. "Hautambai." Hautambai nini, huu mche umetambaa mita tatu na zaidi, umepita kwenye nyanya, umepanda uzio, mmoja niliukuta umejikunja kwenye bomba la maji utafikiri unataka kulifungua! Aina za kichaka zipo kweli, Tivoli kwa mfano, hizo zinakaa sehemu moja na zinafaa hata bustani ya kubana, lakini hii sio aina hiyo na wala karibu yake haifiki. Mi nilikuwa nimeacha nusu mita kati ya mche na mche kwa kuamini paketi, ningeambiwa ukweli ningeacha mita moja na kidogo, au ningejenga kichanja mapema. Nilikuja kukijenga miche imeshakuwa mikubwa, nikavunja mikono miwili ya mche, na maboga yanayoning'inia nikayafungia bembea za nguo kuukuu maana moja lina kilo mbili na kikonyo peke yake sikukiamini. Majani yakabanana, hewa haipiti, mwishoni ukaingia ubwiri unga, ule weupe kama mtu kamwaga unga wa ngano juu ya majani. Huo ugonjwa boga lolote linaweza kupata, nikakata majani yaliyozidiwa maisha yakaendelea, lakini kubanana kule kulitokana na lile neno moja la kwenye paketi.

Halafu mche wa tano. Huu ulizaa vitu vya kijani vyenye mistari, vya mviringo, nikasubiri vigeuke njano havikugeuka, nikapasua kimoja hakuna nyuzi, nyama laini tu kama zukini iliyozeeka. Mbegu ilichanganyika huko ilikozalishwa, manake boga la spageti likiwa karibu na zukini nyuki hawaulizi kabila. Na kwa anaesema labda zukini zangu ndo zimeharibu, hapana, chavua ya mwaka huu haibadilishi boga la mwaka huu, inabadilisha mbegu zilizo ndani. Nilionja kipande kibichi kwa ncha ya ulimi kabla ya kupika chochote, na nawaomba mfanye hivyo kwa boga lolote la ajabu, likiwa chungu teme na utupe lote, ule uchungu ni sumu na kupika hakuuondoi. Langu halikuwa chungu, ila halikuwa na maana pia. Nilimwandikia muuzaji akaniomba radhi, akasema atanitumia paketi nyingine ya shehena ileile. Ileile!

Siku 70 nazo ni hadithi. Nililichuma moja siku ya 70 kwa utiifu, limepauka, limejaa maji, nyuzi zikawa uji. Mengine nikayaacha mpaka karibu siku 100, yakawa njano iliyokolea na ganda gumu, ukibonyeza kwa kucha haiingii, hapo ndo penyewe. Acha kikonyo kama sentimita tano, usilibebe kwa kikonyo, likae pakavu penye hewa ndo litadumu, mimi langu la mwezi wa pili sasa bado liko imara.

Jumla nimepata maboga 14 kwenye miche minne ya halali, na ladha sina neno. Kitu kimoja nilichogundua nikiwa na la tatu jikoni, usilipasue kwa urefu kama kila mtu anavyofanya, nyuzi zimezunguka kiunoni mwa boga, ukilikata vipande vya duara zinatoka ndefu, ukilipasua kwa urefu unazikata zote katikati. Oveni nyuzijoto 200, dakika 40 hivi, ukichelewa zinalegea.

Nyota moja nimekata kwa ule mche wa mchanganyiko, nyingine kwa maneno ya paketi. Mbegu nne zimebaki nimezifunga kwenye chupa kavu, msimu ujao napanda mbili tu, na safari hii kichanja kinatangulia.