African Storybook: Maktaba Inayomwachia Mwalimu na Mwanafunzi Kalamu

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa ninafundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi mkoani Tanga, na wanafunzi wangu walikuwa ndio kwanza wameanza kuunganisha silabi bila kuhesabu kwa vidole. Mtoto aliyefikia hatua hiyo akikaa miezi mitatu bila kitu cha kusoma hurudi nyuma, na katika nyumba nyingi za wanafunzi wangu hapakuwa na maandishi mengine zaidi ya msahafu au Biblia, kalenda ya ukutani na daftari la shule. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenitumia kiungo cha African Storybook kwenye simu. Tangu wakati huo nimeitumia karibu kila wiki ya muhula, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu, wazazi na wakutubi waliokwisha kulisikia jina lake lakini hawajaelezwa na mtu aliyeitumia darasani.

African Storybook ni maktaba ya hadithi za watoto inayopatikana bure kwenye intaneti. Ilizinduliwa mwaka 2014 na Saide, taasisi ya elimu ya masafa iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 1992 na yenye makao yake Johannesburg. Hadithi zake zimo katika lugha zaidi ya 200, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha zenye hazina kubwa. Kila ukurasa una picha moja na mstari mmoja au michache, na hadithi zimepangwa kwa ngazi tano, kuanzia zile za neno mojamoja hadi zile ambazo mtu mzima humsomea mtoto. Hadithi hupakuliwa kama faili ya PDF, au husomwa kupitia programu ya simu iitwayo Reader, ambayo ukishaihifadhia hadithi unaweza kuisoma hata bando likiwa limekwisha. Kwa sisi tunaonunua bando la siku, jambo hilo peke yake lina uzito mkubwa.

Hata hivyo, kinachoitofautisha maktaba hii na nyingine nilizowahi kuzitumia ni leseni yake. Sote tumekua na vitabu ambavyo ukurasa wa pili unaonya kwamba haruhusiwi mtu yeyote kunakili sehemu yoyote ya kitabu bila idhini ya mchapishaji. Hapa mambo ni kinyume: hadithi zimetolewa kwa leseni huria, na mwalimu anaruhusiwa kunakili, kuchapa, kutafsiri na hata kubadilisha hadithi ili ilingane na watoto wake, mradi awataje mwandishi na mchoraji wa awali. Nilichukua muda kuamini kwamba ruhusa hiyo inanihusu mimi, mwalimu wa darasa la pili.

Hadithi ya kwanza niliyoipeleka darasani, shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni mwaka huo, ilikuwa ile ya Fabian Wakholi kuhusu mbuzi, mbwa na ng'ombe waliosafiri pamoja kwa teksi. Mwisho wa safari ng'ombe analipa nauli kamili. Mbwa anatoa fedha iliyozidi na kusubiri chenji. Mbuzi anatimua mbio bila kulipa, na dereva kwa hasira anaondoka na chenji ya mbwa. Ndiyo maana mpaka leo mbwa hulikimbilia gari, mbuzi hulikimbia, na ng'ombe hukatiza barabara taratibu kwa kuwa hadaiwi na mtu. Nilichapa vijitabu 20 kwenye steshenari ya jirani, kila kimoja kwa shilingi 800, kwa kuwa kurasa nane za A4 zilitozwa shilingi mia mia; vingetosha kugawana watoto wanne au watano kwa kila kijitabu katika darasa la watoto 82. Nilivikunja usiku na kuvishona mgongoni kwa shazia na uzi wa magunia, kwa sababu pini za stapla haziwezi kuhimili mikono ya watoto.

Kesho yake asubuhi kabla sijafika katikati ya hadithi mtoto mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, ng'ombe ameshuka kabla hajapanda." Kijana wa steshenari alikuwa amepanga kurasa visivyo, na vijitabu sita kati ya 20 vilianzia mwisho. Niliona haya na kutaka kuvikusanya, lakini makundi yaliyokuwa na vijitabu hivyo yalikuwa yameshaanza kutafuta jinsi hadithi ingeweza kwenda kinyume: labda ng'ombe alikuwa anakumbuka safari, labda ile ilikuwa safari ya kurudi. Mjadala ukahamia kwa mbwa. Watoto wanaopanda daladala kila siku wanamfahamu vizuri konda anayesema chenji utapewa mbele ya safari, hivyo wengi walimtetea mbwa. Msichana mmoja alikataa. Alisema mbwa ana haki ya kudai, lakini anakosea kuyadai magari yote kwa deni la dereva mmoja. Kwa miaka tisa niliyokuwa nimefundisha hadi siku ile, sikuwahi kusikia mtoto wa darasa la pili akijenga hoja ya namna hiyo kutokana na kifungu cha habari kwenye kitabu cha kiada.

Sikidharau kitabu cha kiada. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu ulioanza kutumika mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulirudisha mkazo mahali unapostahili, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vimepangwa kwa uangalifu ili mtoto apande kutoka sauti hadi silabi, kutoka silabi hadi neno. Ila kifungu cha kiada kimeandikwa ili kijibiwe maswali. Mtoto anajua kwamba mwisho wa aya kuna mtihani mdogo unamsubiri, kwa hiyo anasoma akitafuta majibu. Hadithi humvuta kwa kamba nyingine. Bibi akisema "paukwa" na wajukuu wakaitikia "pakawa", hakuna anayetarajia kuulizwa maswali matano. Wanachotaka ni kujua sungura atamfanya nini fisi safari hii, na kwa shauku hiyo wanajifunza kukumbuka mfuatano wa mambo, kubashiri, kutia shaka na kujiweka mahali pa mwingine. Mtoto aliyeizoea shauku hiyo kwa masikio huihamishia kwenye maandishi kwa haraka, na nimeliona hilo mara nyingi kiasi kwamba sina tena wasiwasi nalo.

Swali gumu zaidi ni nani anayestahili kuandika hadithi hizo, na hapo ndipo taasisi zetu zinapoguswa. Kwa muda mrefu kitabu kilimfikia mtoto kwa njia moja: mwandishi, mchapishaji, ithibati, ghala, shule. Mwaka 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada kwa sababu njia hiyo ilikuwa haileti vitabu vya kutosha vya Kiswahili kwa watoto, na kazi iliyofanywa na mradi huo ya kuwafunza waandishi, wachoraji na wahariri bado inaonekana kwenye rafu. Lakini hata hapo, mwalimu wa kijijini alikuwa mpokeaji. Hapa Tanga mjini tuna maktaba ya mkoa katika jengo la enzi za mkoloni lililopewa jina la Mfalme George wa Sita, na mimi mwenyewe nilisomea humo nikiwa sekondari. Fikra niliyokua nayo humo ilikuwa kwamba vitabu hutoka kwingine na kazi yetu ni kuvitunza na kuvirudisha kwa wakati.

African Storybook imeigeuza fikra hiyo. Ukijisajili, unaweza kuandika hadithi yako, kuchagua picha kutoka kwenye hazina ya michoro iliyokwisha kutolewa au kupakia michoro yako, kisha kuichapisha ikasomwe Kisumu, Kampala au popote. Mabadiliko mengine yametokea sambamba na hilo. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya 2022 viligawiwa walimu, Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada vya bure, na mtaala ulioboreshwa, ambao utekelezaji wake ulianza Januari 2024 kwa elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, unadai tupime kile ambacho mtoto anaweza kukitenda. Sioni namna bora ya kupima umahiri wa lugha kuliko kumpa mtoto nafasi ya kutunga kitu ambacho mwenzake atakisoma kwa hiari yake.

Tulijaribu. Mwalimu mkuu wetu alikubali kipindi cha mwisho cha Ijumaa kiwe cha hadithi, na kamati ya shule ikatoa rimu moja ya karatasi kila muhula. Watoto walichagua kuandika kuhusu silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani alitoweka duniani miaka takribani milioni 66 iliyopita, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 amekuwa akinaswa na wavuvi wa Tanga katika nyavu za jarife zinazoshushwa kilindini. Mwaka 2009 ilitangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake, lakini hakuna aliyewahi kuwaandikia watoto wangu habari zake kwa lugha ya umri wao. Mtoto wa mvuvi alitueleza jinsi jarife linavyotegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Mwingine alileta neno la Kibondei alilolisikia kwa bibi yake, la kumtaja mtu anayekawia kurudi mpaka watu wakamwona kama amekufa, na likawa jina la samaki. Tulibishana Ijumaa mbili nzima kama samaki huyo azungumze au la; waliosema azungumze walishindwa kwa kura. Michoro ni ya penseli za rangi, niliipiga picha kwa simu karibu na dirisha ili mwanga utoshe. Mvulana ambaye mama yake alikuwa amekwisha kukata tamaa na kusoma kwake aliandika ukurasa wa saba peke yake, sentensi moja ya maneno sita, akaifuta na kuiandika upya mara nne.

Sasa nieleze mipaka ya huduma hii, kwa sababu ipo. Kwa kuwa kila mtu anaruhusiwa kuchapisha, ubora haulingani. Waendeshaji huweka alama kwenye hadithi walizozipitia na kuziidhinisha, na ninawashauri wazazi waanze na hizo. Zisizo na alama hiyo ni lazima mwalimu azisome kwanza yeye mwenyewe, azingatie tahajia na upatanisho wa kisarufi, ndipo azipeleke darasani. Kiswahili chake kimetoka pande nyingi pia. Mtoto wa Tanga atakutana na matatu na karo mahali ambapo yeye angesema daladala na ada. Wapo wenzangu wanaoliona hilo kuwa kasoro; mimi nimelifanya kuwa somo, na watoto wangu wanafurahi kugundua kwamba lugha yao ina nyumba nyingi.

Hazina hii pia imelenga wanaoanza kusoma. Mtoto wa darasa la tano aliyekwisha kumudu kusoma ataimaliza hamu yake mapema na atahitaji vitabu virefu, na hapo sina budi kusema kwamba bado ninanunua vitabu vya waandishi wetu madukani na kuwahimiza wazazi wafanye hivyo. Hadithi ya bure kwa msomaji imegharamiwa na mtu fulani mahali fulani, na mwandishi wa Kiswahili anayeishi kwa kalamu yake anastahili kuuza. Kuchapa kwa rangi ni ghali kwetu, na hadithi zinazotegemea rangi hupoteza ladha zikitoka kwa wino mweusi. Shule isiyo na umeme wala mwalimu mwenye simu nzuri haitafaidika nayo mpaka mtu awachapie.

Pamoja na hayo, ningeipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Mzazi mwenye simu ya kawaida na dakika 15 kabla ya mtoto kulala atapata hadithi mpya kila usiku kwa miezi mingi. Mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu asiishie kusoma. Ajisajili na aandike na watoto wake, hata hadithi moja kwa muhula. Wakutubi wa shule na wilaya wanaweza kutenga kona ya vijitabu vya kushonwa kwa gharama isiyofikia bei ya kitabu kimoja cha jalada gumu.

Kijitabu chetu cha silikanti kimo kwenye boksi la kadibodi chini ya meza yangu, kurasa zake zimeanza kulegea. Darasa la pili la mwaka huu limekisoma na halikuridhika na uamuzi wa wenzao waliotangulia. Wameniomba ruhusa ya kuandika toleo lao, na katika toleo hilo samaki anazungumza tangu ukurasa wa kwanza.