Kabla Hujanunua Mota Mpya, Tazama Hizi Beringi! Magari ya Rimoti na Vumbi la Dodoma

Mbukwenyi wadau! Karibuni, karibuni sana. Mzigo umefika na siwazungushi, huu hapa. Kapakiti kadogo, kanaenea kwenye kiganja: beringi kumi zenye mfuniko wa mpira. Najua mlikuwa mnasubiri video ya mota isiyo na brashi. Itakuja, nimeisogeza kwa makusudi, kwa sababu hiki nilichoshika kina faida kuliko mota yoyote kwa mtu anayekimbiza gari la rimoti huku kwetu Dodoma. Nalisema hilo bila kupepesa macho.

Ujumbe ninaopata ni uleule. "Kaka, nina laki na nusu, nichukue mota gani?" Nami namuuliza mtu: hilo gari lako magurudumuni lina beringi au lina bushi, kile kipete kisicho na gololi? Hapo ananyamaza. Jamani, huwezi kumwaga laki na nusu kwenye mota halafu nguvu yote ikaishia kusugua plastiki!

Mambo ya saizi nayapitisha haraka maana wengi mnayajua. Magari mengi ya 1:10, yaani madogo mara kumi kuliko gari halisi, kwenye magurudumu yanatumia beringi ya 5 kwa 11 kwa 4, yaani tundu la ndani milimita 5, kipenyo cha nje 11, unene 4. Wazoefu wa Tamiya, kampuni ya magari ya rimoti, wanaiita 1150. Kwa wauza beringi wenyewe ulizia MR115. Kisha angalia herufi za mwisho: ZZ ni mfuniko wa bati pande zote mbili, 2RS ni mpira pande zote mbili. Gari lako linaweza kuwa na saizi tofauti, kwa hiyo fungua kitabu chake au pima kwa kalipa. Saizi tumemaliza.

Hii nyeupe hapa ni bushi ya plastiki. Inakuja kwenye magari mengi ya bei nafuu, na hata kwenye seti nyingi za kuunganisha mwenyewe. Inanikera sana hii. Haina gololi hata moja. Ekseli ya chuma inazunguka inasugua plastiki moja kwa moja. Gari likiwa jipya huoni shida. Vumbi letu likishaingia humo, linageuka msasa, linakula plastiki mpaka tundu linapanuka. Shika gurudumu la gari hili, litikise hivi. Mnaona linavyocheza? Gurudumu likicheza namna hii gari halinyooki. Unakata kona, linaitika kwa kuchelewa. Unashika breki, nyuma inayumba. Basi mtu anasema sevo, kile kimota kinachokata kona, ni mbovu, ananunua sevo mpya, na tatizo liko palepale.

Halafu kuna joto. Msuguano ukizidi, mota inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye betri ili gari liende mwendo uleule. Umeme ukizidi, mota na spidi-kontrola, kile kifaa kinachoipimia mota umeme, vinachemka. Wachezaji wengi hawataki mota ivuke nyuzi joto 80, na wengine wanasimamisha gari likifika 70. Sasa wewe uko Dodoma, mchana wa Oktoba, ardhi yenyewe inachoma, ukiongeza msuguano wa bushi utaendesha dakika ngapi? Na hapo hapo niwakumbushe, betri ya lipo, yaani ya lithiamu, usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani. Iweke kivulini, kwenye mfuko wake, mpaka zamu yako ifike.

Haya, kazi yenyewe sasa. Dogo, sogeza kamera, njoo hapa mezani kabisa.

Nina beringi mbili, zote mpya, saizi moja. Ya kushoto ni ya bati, ya kulia ni ya mpira. Ya bati naichomeka kwenye kijiti, naipiga kwa kidole. Inazunguka... bado... bado inakwenda... angalia, bado. Sasa ya mpira. Naipiga vilevile. Imesimama. Umeona? Hapa ndipo watu wanapozikataa za mpira. Anaizungusha dukani, anaona nzito, anairudisha, anachukua ya bati.

Sababu ya uzito ni hii. Ukingo wa mpira unagusa pete ya ndani ya beringi, na huko ndani wametia grisi ya kutosha. Ya bati mfuniko wake haugusi. Kati ya bati na pete ya ndani kuna upenyo mwembamba, ndio maana inateleza hivyo. Kuna wenzetu wenye chaneli wanaopima beringi kwa kuipiga kidole na kuhesabu sekunde, aliyezunguka muda mrefu ndiye mshindi. Mimi kipimo hicho sikikubali. Kinapima beringi isiyo na mzigo, isiyo na vumbi. Gari letu lina vyote viwili.

Sasa tazama. Udongo huu nimeuchota Nzuguni, jirani na viwanja vya Nanenane, ambako tunakimbiza magari Jumapili. Mnaona wekundu wake. Nimeuchekecha kwa chekeche ya unga, nikabakiza ule laini kabisa, ule unaopanda hewani mwezi wa nane na wa tisa upepo ukishaanza kuvuma. Nautia kwenye kopo. Natumbukiza beringi zote mbili. Nafunga. Natikisa... natikisa... twende tu... basi.

Nazitoa. Nje nazisafisha kwa mswaki mkavu, zote sawa, sipendelei. Dogo, leta maiki karibu. Kimya kidogo. Hii ni ya bati, naizungusha.

Krrr. Mmesikia? Beringi mpya hii, imetoka kwenye pakiti sasa hivi! Krrr. Hizo ni chembe ziko kwenye njia ya gololi, zinasagwa. Kila mzunguko zinakwaruza chuma.

Ya mpira. Nyamazeni... Sikia. Hakuna kitu. Inakwenda polepole kama mwanzo, lakini laini. Naigeuza upande wa pili. Laini. Wadau, mimi hapa ndipo ninapoipenda hii kitu kupita maelezo. Udongo uleule, kopo lile lile!

Twende ndani yake, msije mkasema nimechagua sauti. Nachukua sindano ya kushonea, yenye ncha kali. Naingiza kwenye ukingo wa ndani wa mpira, taratibu, nausogeza juu... umetoka mzima, haukupinda. Kamera hapa. Angalia grisi ilivyo safi, hakuna wekundu wowote. Gololi zinang'aa. Sasa ya bati. Hii imefungwa kwa kipete chembamba pembeni. Unakichokoa kwa sindano na huwa kinaruka, kwa hiyo vaa miwani. Nyingine bati lake limebanwa moja kwa moja kiwandani, hazifunguki, ukilazimisha umeharibu. Hiki kimetoka. Tazama grisi yake imekuwa rangi gani. Nyekundu! Mnauona udongo wa Nzuguni huo?

Na jambo la pili ninalolipenda: mfuniko wa mpira unarudi. Nauweka juu, nabonyeza kwa kidole gumba kuzunguka, umekaa. Kwa hiyo beringi hii naihudumia. Baada ya mbio nyingi naifungua, mifuniko naiweka pembeni, beringi yenyewe naisuuza kwa mafuta ya taa nje ya nyumba, mbali na moto wowote. Mifuniko usiitumbukize kwenye petroli, mpira unaweza kuvimba ukashindwa kurudi. Beringi ikikauka kabisa natia grisi kidogo, nafunika. Ukikosa grisi nzuri, tone la mafuta ya cherehani linafaa, ila utalirudia mara kwa mara.

Sasa mtu ataniuliza, ule uzito je? Haupunguzi mwendo? Tupige hesabu. Mota ya kv 3,500, yaani mizunguko 3,500 kwa dakika kwa kila volti, kwenye betri ya volti 7.4, zidisha, unapata mizunguko 25,900 kwa dakika bila mzigo. Hiyo ni mota. Kama gia zako kutoka mota hadi gurudumu ni 9 kwa 1, gurudumu linapata kama 2,900. Elfu tatu hata haifiki! Kwa mwendo huo, kile kizito ulichokihisi kwenye kidole ni kidogo sana ukilinganisha na nguvu ya mota, na baada ya kuendesha kidogo grisi inajipanga, ukingo wa mpira unalainika, beringi inakuwa nyepesi yenyewe.

Lakini hesabu hiyohiyo inanipeleka pengine. Nilianza video nikitaka kuwaambia muweke mpira kila mahali, gari zima. Hapana, kwenye mota yenyewe msiweke. Pale kuna mizunguko elfu ishirini na kitu, ukingo wa mpira ukisugua kwa kasi hiyo unazalisha joto, na mota nyingi zinakuja na beringi za bati kwa sababu hiyo. Ziacheni za bati, zisafisheni mara nyingi zaidi. Kwenye magurudumu, mpira. Kwenye difu na boksi la gia lililofungwa vizuri, kwa kweli yoyote itakufaa, maana vumbi haliingii kirahisi. Ukiwa na pesa kidogo, anza na magurudumu manne, beringi mbili kila moja, jumla nane.

Kuna anayetaka za kauri. Gololi za kauri ni nyepesi na ngumu kuliko chuma, na kwenye mbio za lami au zulia zina watu wake. Ila pete zake kwa kawaida ni chuma kilekile. Chembe ikiingia, pete inakwaruzika vilevile, na umelipa mara kadhaa zaidi. Kwenye udongo wetu siwashauri.

Na rangi. Traxxas, kampuni nyingine ya magari haya, wamewazoesha watu mpira wa bluu, kwa hiyo watu wanadhani bluu ndiyo bora. Hizi zangu ni nyeusi. Kuna nyekundu, kuna za njano. Muuzaji asikuongezee bei kwa rangi.

Bei yenyewe, nimelipa sh. 18,000 kwa kumi, pamoja na kutuma kwa basi kutoka Dar. Nane zinakwenda kwenye magurudumu, mbili akiba. Linganisha na ile laki na nusu ya mota. Maduka ya beringi za pikipiki niliyopita hapa mjini hawakuwa na saizi ndogo hivi, kwa hiyo msizunguke Majengo nzima juani, agizeni. Mkiagiza, semeni wazi 2RS, na muombe picha ya pakiti kabla hamjatuma pesa. Nimeshaona watu wanaandikiwa mpira, wanaletewa bati.

Nafunga hizi kwenye gari sasa, fuatilia mikono. Bushi inatoka kwa kuisukuma kutoka upande wa ndani. Tundu nalisafisha kwa kitambaa kikavu, chembe moja ikibaki humo beringi itakaa upande. Beringi naiweka sawasawa, nasukuma pete ya NJE. Nasisitiza, ya nje. Ukisukuma pete ya ndani kwa nguvu, gololi zinatoboa vishimo kwenye njia yake, na beringi inakuwa na krrr kabla hata haijaona udongo. Mimi natumia soketi ndogo ya spana inayolingana na pete ya nje. Imeingia. Ya pili. Ekseli inapita bila kulazimisha. Nati, nakaza, kisha naizungusha gurudumu: linakwenda huru. Likiwa zito, legeza nati kidogo. Sasa tikisa... limetulia kabisa. Linganisha na la upande huu lenye bushi bado. Haya, mmeona wenyewe.

Ndugu yetu mmoja wa Singida aliuliza juu ya mvua. Mvua zikianza, kuanzia Desemba huko, vumbi linageuka tope, na mpira unasaidia hapo pia, ila hauzuii maji yote. Ukipita kwenye dimbwi, siku hiyohiyo toa magurudumu, puliza maji yatoke, fungua mfuniko, kausha, tia mafuta. Ukilala nalo hivyo, asubuhi kuna kutu.

Habari za chaneli: mliokuwa mnalalamika sauti, maiki mpya mmeisikia leo. Video ya tairi iko tayari, nitalinganisha za meno marefu na mafupi kwenye kichanga cha Ihumwa. Ya mota inakuja baada ya hiyo, na nitatumia gari hili hili, kwanza nikilirudishia bushi, kisha na beringi, nipime joto la mota mbele yenu kwa kipima joto. Kama hujajiunga, jiunge, gonga kengele. Na ukitoa beringi zako wiki hii, ipige picha iliyo mbaya kuliko zote, taja gari na mahali unapoendeshea, nitazionyesha mwanzo wa video ijayo. Dogo, zima taa, tukafunge hizi sita zilizobaki.